Mgeni Asiyepiga Hodi: Namna ya Kumpokea Kasa

Mgeni huyu hatoi taarifa. Hupanda ufukoni usiku, akijivuta mchangani kama mzee aliyebeba gunia. Ukiishi Juani kule Mafia, au Watamu, huenda ukabahatika akafikia mbele ya mlango wako. Basi jiandae.

Kwanza, zima taa. Wageni wengine huwashiwa, huyu anataka giza. Taa ya baraza yako inaweza kumrudisha baharini na mayai yake tumboni. Vitoto navyo, vikishaanguliwa baada ya siku kama 50 hadi 60, hukimbilia penye mwanga, na tangu zamani penye mwanga usiku palikuwa baharini. Ukiacha taa inawaka vinakuja kwako, na kunakucha kunguru wanavisubiri. Mwenye hoteli asiyetaka kuzima taa za ufukoni asichore kasa kwenye bango lake.

Pili, usimsemeshe. Kaa nyuma yake, mbali, tochi na simu mfukoni. Tazama anavyochimba: kasia moja la nyuma linajikunja kama kata, linachota mchanga na kuuweka kando, kisha linafuata la pili. Hana haraka. Hutaga mayai mia na zaidi, meupe, ya mviringo, huku machozi yakimchirizika. Usimpe pole, halii. Ndivyo anavyotoa chumvi mwilini.

Zawadi? Asipewe plastiki. Mfuko ukielea majini hufanana na konyeza, naye huumeza. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo 2017, Tanzania 2019, lakini chupa na nyavu kuukuu bado zinafika pwani kila maji yakijaa. Ukienda kutembea ufukoni, chukua kiroba, urudi nacho kimejaa.

Akinaswa kwenye jarife, kata nyuzi umtoe. Wavu hushonwa.

Na mgeni haliwi. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto wanane na mama mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu yake haitoki hata nyama ichemke kutwa. Jirani akikuletea bakuli, mwambie ukweli huo kabla watoto hawajanawa mikono.

Kasa huchukua miaka 20 na zaidi kukomaa, kisha hurudi kutaga pande zile zile alikozaliwa. Kitoto kinachoingia majini mwaka huu kitarudi wakati mwanao ana watoto wake. Zima taa usiku wa leo.