Rizista Iliyopeperushwa na Chafya

Mwenzetu kaendelea. Rizista za miguu, zile za kupenyeza kwenye matundu yaliyoachana milimita 2.54, anasema ni za wazee. Yeye sasa ni za kubandika juu ya bodi tu. Haya. Jana kafungua pakiti ya saizi 0402, milimita 1 kwa nusu milimita, akapiga chafya. Mpaka leo tunapekua mkeka kwa tochi, na tulichookota, nadhani, ni kinyesi cha mende. Moja aliyofanikiwa kuilehemu ilinyanyuka upande mmoja, ikasimama wima kama jiwe la kaburi. Mimi mshamba nakunja miguu kwa vidole. Redio yangu inaimba. Yake inasubiri darubini kutoka China.