Kaza, Usikaze

Ukitaka kujua nani mwenye mamlaka juu ya injini ya gari lako hapa Sosiot, usihangaike na kitabu cha usajili. Fungua boneti kando ya barabara siku ya soko. Kabla chuma hakijapoa utakuwa umepata kamati kamili: mwendesha bodaboda, muuza parachichi, mchuma chai aliyetua kikapu chake, na mtu mmoja asiyejulikana ametoka wapi ila ana spana mfukoni.

Swali lililotugawa sisi lilikuwa hili. Hedi ya injini ikishafunguliwa na gasketi mpya ikawekwa, je, bolti za hedi zikazwe mara ya pili baada ya gari kutembea kidogo, au ziachwe zilivyo? Nimehudhuria vikao vya mahari vilivyokuwa na ubishi mdogo kuliko huo.

Gari lenyewe ni Probox inayobeba abiria. Nusu ni ya shemeji yangu na nusu ni ya mkopo wangu wa sacco. Kwa kadiri ninavyoelewa hesabu anazoniletea jioni, nusu yangu ndiyo huharibika.

Gasketi ya kwanza ilituaga tukitoka Kisumu. Tulikuwa tumeipita Awasi, tunapanda kuelekea Kapsoit, watu tisa ndani ya gari ambalo aliyeliunda alikusudia watano. Mshale wa joto ulianza kupanda kwa bidii kutuzidi sisi. Shemeji akafungua hita mpaka mwisho. Huo haukuwa ujinga. Hita ni rejeta ndogo, nayo huchukua joto la injini na kulimwaga ndani ya gari. Tatizo ni kwamba ndani ya gari tulikuwamo sisi, na tambarare za Ahero zilikuwa zimeshatukaanga upande mmoja.

"Kijana," alisema mama mmoja aliyewapakata kuku wawili, "hawa nawapeleka wakiwa hai."

Mbele kidogo moshi mweupe ukatanda nyuma yetu mpaka lori lililotufuata likawasha taa. Tulisimama. Shemeji akachomoa kijiti cha oili, akakitazama, akanipitishia bila kusema neno. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, tena ile nzito ya harusini. Gasketi ya hedi ina kazi ya kutenganisha vitu vitatu, yaani maji, oili na moto wa silinda. Ikishindwa, hivyo vitatu huoana bila kuwaarifu wazazi.

Fundi wetu ni kijana aliyesomea chuo cha ufundi, jambo ambalo wazee humsamehe kwa shida. Aliivua hedi, akaipeleka Kericho mjini ikaskimiwa, kwa sababu hedi ya aluminiamu ikichemka kupita kiasi hujipinda, na kulaza gasketi mpya juu ya chuma kilichopinda ni kutupa pesa mtoni. Alirudi na gasketi, kifuniko kipya cha rejeta, na bolti kumi mpya. Hizo bolti zilimuuma shemeji. Alizikusanya zile za zamani, akaanza kuzigeuzageuza juani mojamoja.

"Fundi, hizi zina ubaya gani? Nyuzi zake zote zipo."

"Zimevutika."

"Bolti huvutika?"

Huvutika. Injini hii ya lita moja na nusu, inayoitwa 1NZ, haikazwi kwa nguvu za mkono peke yake. Unaanzia katikati ya hedi ukielekea nje, unafikisha kila bolti niutonimita 29 kwa toki, ile spana inayolia kipimo kikifika, kisha unaizungusha digrii 90, halafu 90 nyingine. Mizunguko hiyo miwili ndiyo huinyoosha bolti, nayo hushinda miaka ikitaka kurudi kimo chake cha awali, na kwa kutaka huko ndivyo inavyoibana hedi. Ziko zinazopimwa unene zikarudishwa kazini iwapo hazijakonda. Zetu zilikuwa zimekonda.

Nilisimama pale nikitazama. Fundi alikuwa ameazima rangi ya kucha ya dadake, nyekundu ya kung'aa, akadondosha tone moja kwenye ukingo wa kila bolti, yote yakielekea mbele ya injini. Akavuta mara ya kwanza, yale matone kumi yakageukia pembeni. Akavuta mara ya pili, yakatazama nyuma. Hakuna aliyepumua, hata mwenye parachichi.

Gari likarudi kazini. Likapata pancha Kapsoit, likazibwa, likaendelea. Mambo yalikuwa mazuri mpaka baba mkwe alipokuja kututembelea.

Mzee alistaafu udereva wa malori ya majani chai, kisha akaendesha pikapu yake ya Peugeot 504 kwa miaka mingi. Aliegemeza fimbo yake kwenye bampa.

"Chamgei. Nasikia hedi ilifunguliwa."

"Ndiyo, mzee."

"Na imekazwa tena?"

Kukawa kimya, na kimya chenyewe kina maelezo. Mimi ni mkwe. Shemeji ni mwanawe wa kumzaa. Fundi ni rika la wajukuu zake. Katika watu wote waliolizunguka gari lile, hapakuwa na hata mmoja mwenye kibali cha kumwambia mzee hapana.

Isitoshe, mzee hakuwa anabahatisha. Peugeot 504 ilianza kuuzwa 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kumiliki moja huku kwetu kulikuwa nusu ya uchifu. Gasketi za enzi hizo zilikuwa za asbesto iliyofumbatwa na bati. Zikishapata moto na kupoa, hunywea. Gasketi ikinywea, bolti iliyokuwa imekaza jana leo imelegea bila mtu kuigusa. Kwa hiyo ulitembeza gari kilomita mia kadhaa, ukaliacha lipoe usiku kucha, ukafungua kifuniko cha tapeti, na bolti zote ziko machoni pako. Unalegeza moja robo mzunguko, unaikaza, ndipo unaigusa ya pili, kwa mpango uleule wa kutoka katikati. Ukimaliza unapima tapeti upya. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na mzee anawajua wote walioipuuza. Orodha yao huisoma polepole, pamoja na mlima ambako kila mmoja alikwama.

Fundi hakumjibu mzee. Aliijibu injini, macho yakiwa kwenye plagi.

"Gasketi hii ni ya chuma kitupu, tabaka juu ya tabaka. Hainywei. Na nikitaka kuzifikia bolti, lazima nifungue cheni ya taimingi na kamshafti zote mbili. Gari halifanyi kazi siku hiyo, pengine na ya pili. Kisha nikizivuta tena wakati zimeshavutwa, moja inaweza kunikatikia ndani ya bloku."

Shemeji aliposikia kwamba gari halitafanya kazi, akawa mwanasayansi papo hapo. "Baba, teknolojia imebadilika."

"Nani kasema ni ya chuma?" mzee akauliza.

"Kasha lake liliandikwa."

"Liletwe."

Kasha lilikuwa limewashia jiko. Karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani yake ilifungia mandazi, na ilionekana mara ya mwisho ikiteremkia Kabianga mkononi mwa mwanafunzi. Mzee aliitikia kwa kichwa, kama hakimu ambaye shahidi wake wa pekee ameripotiwa kuhama nchi.

Basi fundi akawasha tochi ya simu, akammulikia pale hedi na bloku zinapokutana, ambapo kisikio cha gasketi huchungulia nje. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akainama. Kweli, palikuwa na bati zinazong'aa, moja juu ya nyingine, bila ule weusi wa grafaiti au nyuzi za kijivu za asbesto. Wanakamati nao wakainama kwa zamu. Muuza parachichi akathibitisha kwamba ni chuma, ingawa hakuwa ameulizwa.

Nilidhani tumemaliza. Lakini mzee alikuwa bado ameinama, na jicho lake lilikuwa limehamia kwenye rejeta.

"Na hili ni nini?"

Lilikuwa gunzi la mahindi, limechongwa vizuri, limezungushiwa ukanda wa tyubu, limekaa mahali pa kifuniko cha rejeta.

"Mimi niliacha hapa kifuniko kipya," alisema fundi, safari hii akimtazama mtu badala ya injini.

Shemeji akayatazama mashamba ya chai ng'ambo ya barabara. Kile kifuniko, ilibainika, alimwazima dereva mwenzake. Kitarudi Ijumaa. Gunzi hili, ilibainika zaidi, ndilo lililokuwa kazini hata ile siku ya Awasi.

Sasa hapa kuna hesabu ndogo. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, kama huku Kericho, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93. Tamosteti ya gari hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, kwa hiyo injini nzima inaishi jirani sana na kuchemka. Kinachoiokoa ni kifuniko chenye springi, ambacho hubana mvuke na kupandisha kiwango hicho kupita nyuzi 110. Gunzi halibani kitu. Kazi yake ni kuwa gunzi. Tulikuwa tumejadili bolti, digrii, asbesto na ushindi wa 1975, na nadhani swali la kukaza tena hupendwa mno kwa sababu lina namba na historia na halimtii mwenye gari hatiani. Gunzi halina historia yoyote ya kujificha nyuma yake.

Mzee hakumkemea mwanawe. Alifanya jambo baya zaidi, alinyamaza. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa ukifumba na kufumbua, na fundi, ambaye chuoni walimfundisha mengi lakini hili alizaliwa nalo, aliuona.

"Mzee," alisema, akimkabidhi toki kwa mikono miwili, "kuna nati ambazo kweli hukazwa tena. Za magurudumu. Gari hili lilizibwa pancha juzi, na mimi mgongo wangu unauma."

Akaiweka toki kwenye niutonimita 103. Mzee akavua koti, akampa mkwe wake alishike, akazunguka gari. Nati nne kila gurudumu. Tak. Tak. Tak. Tak. Gurudumu la mbele, la pili, la tatu, na kila toki ilipolia aligeuka kutuangalia kama tumesikia. Akafika nyuma kushoto. Nati ya kwanza, tak. Ya pili haikulia. Ilizunguka, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka karibu duara zima, ndipo ikalia.

Mzee akasimama taratibu. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, mkwe, mwana na fundi.

"Teknolojia," alisema, "imebadilika."

Kisha akaketi kiti cha mbele na kuagiza apelekwe Kapkatet, tukipitia kwanza kwa huyo dereva mwenye kifuniko chetu. Toki aliilaza mapajani na hakuonyesha dalili ya kuirudisha. Fundi ikabidi apande nyuma pamoja na abiria, maana alikuwa ameiazima na inatakiwa na mwenyewe kabla ya jua kutua. Shemeji alimtoza nauli.