Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa kampuni ya simu, kutoka bondeni Daudi

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Simu,
Ghorofa ya juu, Dar es Salaam.

Shikamoo.

Najua huenda kwa umri mimi ndiye niliyepaswa kuamkiwa. Lakini mwenye mnara ni mkubwa, na sitaki barua hii ianze kwa kudaiana heshima. Jina la kampuni yako sitalitaja. Kumtaja mkubwa hadharani si adabu, na wenzako wa kampuni nyingine wakidhani wanasemwa wao, hakuna kitakachoharibika.

Nianze na shukrani, kama ipasavyo. Simu za mkononi zilipoanza Dar es Salaam mwaka 1994, sisi wa kata ya Daudi, hapa Mbulu, tulikuwa tukituma salamu kwa makondakta wa mabasi. Leo nikiuza kitunguu saumu, fedha inaingia kwenye simu kabla gunia halijapandishwa garini. Nabonyeza nyota, naandika namba, namalizia na reli, kazi imekwisha. Kazi hiyo inafanywa na mtandao wa kizazi cha pili, ule ambao vijana wenu wa matangazo wanauonea aibu. Mimi siuonei aibu hata kidogo, umenisomeshea watoto. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ukisikia mahali fulani humu kama nanung'unika, ujue ni masikio yako yamechoka na kelele za mjini.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni dogo, hata naona haya kulileta mezani kwako. Ni maandishi madogo yanayotokea pembeni mwa kioo cha simu yangu. Nikisimama barabarani, juu mgongoni mwa kilima, simu inaandika 4G na picha zinafunguka bila ubishi. Nikianza kushuka kwenda nyumbani inaandika 3G, mbele kidogo H, nikifika kwenye migomba inaandika E, na nikifunga mlango nyuma yangu haiandiki kitu. Mnunuzi wangu wa Arusha hataki tena maelezo ya mdomo. Anataka picha ya mzigo, aone ukubwa wa vichwa na ukavu wa maganda, ndipo ataje bei. Basi mimi huchukua kitunguu kutoka ghalani, nikapanda nacho mlimani kukipiga picha mbele ya mnara wenu. Wapita njia wamezoea. Wageni hudhani ni tambiko.

Kosa, Mheshimiwa, ni letu, na naomba nilikiri kwa niaba ya ukoo mzima. Wazee wetu Wairaqw walijibana kwenye milima hii enzi za kuvamiwa na jirani zetu wafugaji. Nyumba zao walizichimbia ubavuni mwa kilima, paa likalala sawa na ardhi na udongo juu yake, adui apite asijue kwamba amepita juu ya familia ya watu. Ulikuwa ustadi mkubwa. Bahati mbaya hawakupata nafasi ya kushauriana na wahandisi wenu, ambao mawimbi yao hupenda kuona yanakokwenda. Siku hizi tunajenga kwa matofali na kuezeka kwa bati, na nasikia bati nalo huyarudisha mawimbi yalikotoka. Tunaomba radhi kwa udongo, na kwa bati pia.

Hata hivyo kuna kijana wetu mmoja, fundi wa simu, ambaye hakulelewa vizuri sana; anapenda kuuliza maswali. Yeye anasema mawimbi hayafanani. Yale ya masafa ya juu, kama megahezi 2600 na 3500, hubeba mzigo mkubwa lakini hayaendi mbali, na yakikutana na kilima au ukuta hukata tamaa. Yale ya masafa ya chini, 700 na 800, hubeba kiasi, ila husafiri mbali, hujipinda kidogo nyuma ya vilima, na huingia ndani ya nyumba bila hodi. Kwa watu waliotawanyika kwenye mabonde, anasema, hayo ndiyo hasa. Nikamwuliza, kama yapo, kwa nini hayatufikii? Akacheka. Nikamkaripia kwa kumcheka mtu mzima, kisha nikamsikiliza.

Kumbe masafa hayo ya chini yalikuwa makazi ya televisheni. Utakumbuka tarehe 31 Desemba 2012, Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza, kisha miji mingine mwaka 2013, Arusha ikiwamo. Wananchi tukaambiwa: nunueni ving'amuzi, la sivyo mtatazama chengachenga. Tukanunua. Kwa aliyeishi kwa kuuza maharage, king'amuzi hakikuwa kitu cha kuchezea, na waliokikosa walihamia kwa jirani kutazama taarifa ya habari, mpaka jirani akanuna. Tuliambiwa pia faida yake: televisheni ya dijitali hukaa mahali padogo, na nafasi inayobaki itapewa intaneti ya kasi. Wakubwa wa dunia waliiita nafasi hiyo gawio. Nalipenda neno hilo, maana gawio ni fedha anayorudishiwa mwenye hisa.

Nafasi ikapatikana. Mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikayapeleka masafa ya 700 mnadani. Oktoba 2022 ukaja mnada mwingine, wa 700 pamoja na 2300, 2600 na 3500, na Serikali ikavuna takribani dola za Marekani milioni 187 kutoka kampuni nne. Nawapongeza walionunua, na wewe ukiwa miongoni mwao nakupongeza mara mbili. Ila fundi wetu yule asiye na adabu anauliza: aliyehama kuwapisha ni nani? Na aliyelipa gharama ya kuhama? Mimi nimemwambia maswali kama hayo huulizwa kwa barua, tena barua yenye shikamoo.

Nisieleweke vibaya. Najua mambo mazuri huanza mjini. Mtandao wa kizazi cha tatu ulianza Dar es Salaam mwaka 2007. Julai 2009 kebo ya baharini ya SEACOM ikaanza kazi pwani yetu, mwaka uliofuata EASSy, na Mkongo wa Taifa ukaanza kuchimbiwa kandokando ya barabara kuelekea mikoani. Mwaka 2015 na 2016 kampuni kubwa zikawasha 4G, Dar es Salaam kwanza. Septemba 2022 ikaja 5G, Dar es Salaam tena. Kila kizazi huzaliwa pwani, hukulia Arusha na Mwanza, na kikifika kwetu kimekwisha kustaafu. Hatulalamiki, wastaafu tunawaheshimu.

Huko duniani nako ni hivyohivyo. 4G ya kwanza ya biashara iliwashwa Desemba 2009, Stockholm na Oslo. Niliposikia Oslo nilichangamka, maana Wanorwe si wageni kwetu: hospitali ya Haydom, kusini-magharibi ya hapa, waliianzisha wao mwaka 1955, zamani ambapo njia ya kufika huko ilihitaji imani kuliko gari. Waliwezaje kuleta chumba cha upasuaji porini, wakati sisi tunashindwa kuleta wimbi bondeni? Samahani, hilo nimelichukua kwa yule fundi. Nilifute? Basi, kalamu ni ya wino.

Nikiri kwamba kukaa mbali na kasi kuna neema zake. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, intaneti ikasuasua nchi nzima, na huko kwenu nasikia watu walishikana mashati. Sisi bondeni hatukutambua. Tuliipata habari redioni, tukawapa pole, tukaendelea kupalilia.

Suala la bando nalo nimelikalia muda mrefu nisije nikaonekana mchoyo. Bando langu la wiki huisha muda wake kabla halijaisha lenyewe. Nanunua kasi, kasi haishuki bondeni, siku ya saba inafika, kilichobaki kinarudi kwako. Sijui huwa kinarudi kwa njia gani, maana mtandao wenyewe haupo. Lazima kuna barabara moja nzuri ya kwenda tu Dar es Salaam. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotangazwa, nchi ikapiga kelele mpaka zikasitishwa. Sisi tulikuwa wapole, labda kwa sababu kelele zenyewe zilikuwa zinapigwa mtandaoni.

Zamani ningesema intaneti ni anasa ya vijana, na ningekaa kimya. Sasa Serikali imehamia humo. Mtoto akimaliza kidato cha sita, mkopo wa chuo anauomba mtandaoni. Ajira ya utumishi inaombwa mtandaoni. Mwalimu anajaza takwimu za shule kwenye mfumo, zahanati nayo ina mfumo wake. Tangu msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku inauzwa kwa mkulima aliyesajiliwa, wakala akithibitisha namba yake kwa simu. Mtandao ukilala, mbolea ipo dukani, mvua ipo mawinguni, mkulima ameketi juu ya ndoo anasubiri kimduara kiache kuzunguka. Nimemwona wakala akitoka nje na kuinua simu juu kama padri anayeinua mkate. Na laini zote hizo tulizisajili kwa alama za vidole, mpaka siku ya mwisho ya usajili, Januari 2020, vidole vyenyewe vikiwa vimelainishwa na jembe kiasi kwamba mashine ilivikataa mara kwa mara. Tulirudi, tukaweka tena. Tulikuwa watiifu.

Sasa hapa ndipo naomba unistahimilie. Ripoti zinasema 4G imewafikia zaidi ya asilimia 80 ya Watanzania. Naamini. Lakini naona katika hesabu hiyo na mimi nimo, maana kata yangu ina rangi kwenye ramani. Ubora hupimwa na gari lenye mitambo, linapita barabarani, na barabara zetu, kama ujuavyo, hupita juu ya vilima. Huko juu hata mimi nashuhudia kwamba kasi ipo. Watu, Mheshimiwa, wako chini. Gari halijawahi kushuka hadi kwangu. Sililaumu, njia ni mbaya na mbwa ni wakali. Naomba tu mtu anayehesabiwa kuwa amefikiwa awe amefikiwa akiwa ameketi kwake, mlango umefungwa, mkononi ana simu anayoimudu.

Wala hatutaki makuu. Julai 2020 jirani zetu wa Kenya waliletewa intaneti kwa maputo makubwa yaliyoelea kilomita 20 juu ya Bonde la Ufa, bonde lilelile ambalo ukingo wake tumeukalia sisi. Januari 2021 wenye maputo, ndugu wa Google, wakaona biashara hailipi, wakafunga. Hatuombi maputo. Hatuombi 5G; akija mgeni nayo tutaiangalia na kumrudishia. Najua pia kwamba mnara hula dizeli, kwamba kijiji hakilipi kama Kariakoo, na kwamba una wanahisa wanaokuuliza maswali bila shikamoo. Ndiyo maana upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotungiwa sheria mwaka 2006, kusaidia gharama pale biashara isipolipa. Mei 2023, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, kampuni za simu zilisaini kujenga minara 758 katika kata 713. Ni kazi kubwa. Lakini mnara wetu tunao tayari, tunauona kila asubuhi ukimetameta. Sisi hatuombi chuma kingine. Tunaomba kinachotoka kwenye chuma kilichopo.

Yaani: kama masafa ya 700 au 800 unayo, uyawashe kwenye mnara huo, yatazame upande wa bonde. Na simu za bei nafuu zinazouzwa madukani mwako zikikaguliwa kwamba zinayapokea masafa hayo, itakuwa vizuri zaidi, kwa sababu fundi wetu amefungua kadhaa na anasema nyingine haziyajui kabisa. Mtu atauza mbuzi anunue simu ya 4G, kumbe ni ya 4G ya Posta Mpya.

Kama yamewashwa tayari na tatizo ni sisi, tuambie vilevile; tutahamisha migomba. Nijibu tu ni masafa gani yanayowaka leo kwenye mnara unaoitazama Daudi: 700, 800, 900, 1800 au 2100. Usihangaike na barua ndefu wala video ya maelezo. Ujumbe mfupi wa maneno wenye namba moja unatosha, na huo kwa hakika utanikuta nyumbani.

Wako mtiifu, mwenye laini iliyosajiliwa,

Mkulima wa kitunguu saumu,
Bondeni, Daudi, Mbulu.