Baadhi Yetu

Bosi wetu hana jina la mtu mdomoni, ana "baadhi yetu" tu. Kila Jumatatu asubuhi anatukusanya, anakohoa kidogo, kisha anatutangazia kwamba baadhi yetu hawaleti taarifa kwa wakati, baadhi yetu wanatoroka mapema, na samaki mmoja akioza wote wameoza. Ofisi nzima, hadi mama wa chai, inamjua huyo samaki. Mwenyewe amekaa mbele, anasikitika kuliko wote, na kikao kikiisha ananivuta pembeni: "Kaka, hivi leo alikuwa anamsema nani?"

Mwaka jana ikaja semina ya matumizi ya muda, Bagamoyo. Tukapelekwa wote, wanaojua saa na wasioijua. Neno la shukrani alitoa samaki.

Semina afadhali, angalau kulikuwa na posho. Dawa anayoipenda bosi ni kugawa kazi upya. Taarifa ya mauzo ikikwama kwa yule bwana, hamgusi; anakuja mezani kwangu na tabasamu la mtu anayetaka kukopa. "Wewe mdogo wangu nakuaminia." Nimeaminiwa mpaka mgongo unauma! Mwenzangu saa kumi yuko kwenye daladala, siti ya dirishani. Mimi nafika Kimara watoto wamelala. Mshahara ni ule ule.

Ukimuuliza bosi kwa nini asimwite wakazungumza, anashusha sauti: "Unataka tupelekwe CMA?" Yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inakopelekwa migogoro ya kazi. Eti sheria inalinda wavivu. Basi nikazisoma zile Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Zinamtaka mwajiri achunguze kwa nini mtu hafanyi vizuri, amwelekeze, ampe nafasi ya kujirekebisha na amsikilize kabla ya kufikiria kumwachisha kazi. Bagamoyo sikuiona humo. Pengine bwana huyu anauguza nyumbani, au ile programu mpya ya hesabu imemshinda na anaona haya kusema. Nani amewahi kumuuliza?

Na huko kwenye Tume wakidai ushahidi, bosi atatoa nini? Fomu za tathmini alizomjazia "vizuri sana" mwaka hadi mwaka, kwa sababu hapendi kununiwa.

Wiki iliyopita kaniita ofisini, kafunga mlango, kaniagizia chai. Nikajua leo linasemwa. Kumbe kuanzia mwezi ujao yule bwana atakuwa chini yangu, nimfundishe kazi. Nikauliza kuhusu nyongeza; akatazama simu yake, ambayo haikuwa imeita. Kisha akaongeza kwamba ikibidi kumwandikia barua ya onyo, niandike tu, nina uhuru kamili. Ila nisaini mwenyewe, na nisubiri kwanza yeye aende likizo.