Nani Yuko Macho Saa Hizi? Kero Sita za Mchora Grafu Upareni

Tuseme umefunga kamera kwenye mapito ya wanyama juu ya Mhezi, wilayani Same. Kadi imejaa picha, kila moja na saa yake. Umefungua R, programu ya takwimu ya bure iliyozaliwa Auckland, ili uchore nani hutembea lini. Pole. Kero zinakuja, tunahesabu kushuka.

6. Majani. Upepo ukivuma, kamera hupiga. Serengeti, ambako kamera 225 zilianza kutegwa mwaka 2010, ilibidi maelfu ya watu wajitolee kwenye intaneti kusema huyu nyumbu, hili jani.

5. Nyani. Wakiigundua kamera hujipanga kama ukoo wa bibi harusi. Picha mia mbili, tukio moja! Watafiti wengi huhesabu picha za spishi ileile ndani ya nusu saa kuwa tukio moja. Usipofanya hivyo, grafu itadai mlima mzima ni nyani tu.

4. Perere na jua. Perere anapiga yowe mtini usiku kucha, lakini kamera iliyofungwa chini haina masikio. Kwenye grafu hayupo. Kule tambarare ya Mkomazi kuna kesi nyingine. Kamera hushtuliwa na tofauti ya joto kati ya mnyama na mazingira, na mchana ardhi ikiwaka tofauti hiyo hupungua. Grafu ya ngiri inashuka saa nane mchana, nawe unaandika "wamepumzika". Huenda aliyepumzika ni kamera.

3. Namba inayojigamba. Mwaka 2009 Ridout na Linkie walionyesha namna ya kupima saa za wanyama wawili zinavyoingiliana, kuanzia 0 hadi 1, wakitumia picha za Sumatra. Sasa kila mtu anaitaka namba hiyo. Lakini mlinzi na mwizi wote wako macho saa nane usiku. Namba yao itakaribia 1, na bado hawajaonana. Halafu picha kumi na mbili za chui hutoa mchoro laini, mzuri mno. Usiuamini.

2. Saa ya kamera. Ni saa tatu asubuhi, msaidizi anaandika 3:00. Mswahili gani atamlaumu? Ila kuanzia hapo nungunungu wa saa mbili usiku anasomeka akitembea saa nane mchana, na picha yenyewe giza totoro. Kichekesho ni kwamba wataalamu wana amri, sunTime, ya kugeuza saa za ukutani ziwe saa za jua. London inawafaa: Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, Desemba saa mbili asubuhi. Same jua hutangatanga kama nusu saa tu mwaka mzima, na wazee walishaanza kuhesabu kutoka lilipochomoza.

1. Usiku wa manane. Nguruwe pori mmoja kapita saa tano usiku, yaani 23. Mwingine saa saba, yaani 1. Jumlisha, gawa kwa mbili: 12. Mkulima anashauriwa alale usiku, alinde mahindi saa sita mchana! Siku ni duara, ndiyo maana kifurushi cha R kiitwacho overlap hugeuza saa 24 kuwa radiani, 2π, na kuunganisha mwisho wa mchoro na mwanzo wake. Hata hivyo, karatasi ikianzia usiku wa manane, mla mahindi hukatwa vipande viwili, kichwa kulia, mkia kushoto. Iambie amri yake ya kuchora, overlapPlot, iuweke usiku katikati, aonekane mzima, kuanzia anapoingia shambani hadi anapotoka ameshiba.