Kuupa Uzi Kazi: Mwongozo kwa Asiye na Habari

Kwanza kabisa, jiaminishe kwamba programu yako ya Java inajikokota kwa sababu inatenda jambo moja kwa wakati mmoja. Usipime. Wanaopima hukuta tatizo liko kwenye ombi moja bovu la hifadhidata, wakalirekebisha, wakaenda zao kulala, wala hawafiki hatua ya pili. Tahadhari: usingizi huo wewe hutauonja.

Sasa iandike kazi utakayoupa uzi, yaani Thread. Tangu Java ilipotoka mwaka 1996 njia ni mbili: kurithi klasi ya Thread, au kutekeleza kiolesura cha Runnable. Rithi Thread; jina lenyewe linavutia. Wazoefu watakunong'oneza kwamba kazi ni kitu kimoja na mtendaji ni kingine, kwamba zege halizaliwi na kibarua wake. Itikia kwa kichwa, endelea. Tahadhari: klasi ya Java huwa na mzazi mmoja tu, na wako umeshamtumia.

Ukigeukia Runnable (wengi hugeuka siku ya pili), utakuta methodi moja, run. Haipokei kitu, hairudishi kitu. Yaani: nenda kafanye, sitaki maelezo. Unataka jibu? Tangu Java 5, ya mwaka 2004, ipo Callable. Ikabidhi kwa ExecutorService, yenye kundi lake la nyuzi, nayo itakupa Future, ambayo ni ahadi ya jibu. Kabidhi kazi moja, hapo hapo uite get, ndipo ukabidhi inayofuata. Tahadhari: get husubiri. Kazi zako zinapita moja moja vilevile, ila sasa unalisha kundi zima la nyuzi.

Hatua inayofuata ndiyo niipendayo. Uzi umeshauumba, kazi umeshaupa. Uanzishe kwa kuita run. Kila mtu huita run, maana ndilo jina uliloliandika kwa mkono wako mwenyewe. Kompaila haitanung'unika. Matokeo yatakuja sahihi, tena kwa mpangilio mzuri ajabu, kila mara. Mpangilio huo ungekutia shaka kama ungekuwa mtu wa kushuku: hakuna uzi mpya ulioanza, ni ule ule wa main umefanya yote peke yake. Ilikupasa kuita start, ambayo huuamsha uzi na kuuachia wenyewe uite run. Sasa kwa kuwa umejua, utaita start mara mbili juu ya uzi mmoja, na Java itakurushia IllegalThreadStateException. Tahadhari: kosa hili la pili angalau hupiga kelele. Lile la kwanza laweza kukaa kimya miaka kumi, na bosi akakusifu.

Chukua nyuzi mbili, zipe kihesabu kimoja, kila uzi uongeze moja mara 100,000. Tarajia 200,000. Mara nyingi utapata pungufu, na ukiendesha tena utapata pungufu tofauti, kwa sababu hesabu++ ni vitendo vitatu, kusoma, kuongeza na kuandika, na nyuzi hudakiana katikati. Weka println ndani ya kitanzi ili uchunguze. Tatizo laweza kutoweka papo hapo, kwani println ina kufuli lake na huzichelewesha nyuzi zote. Iache hapo hapo. Andika pembeni: usifute. Dawa zipo, AtomicInteger na synchronized, lakini hizo husomwa baada ya mteja kulalamika. Tahadhari: atakuja mwenye bidii, atafuta.

Ukitaka kuusimamisha uzi, usiguse stop, iliyopigwa marufuku ya heshima tangu 1998 na bado inavutia watu. Ita interrupt. Hiyo haizimi, huomba. Ombi likiukuta uzi umelala kwenye sleep, huzuka InterruptedException, na kompaila itakulazimisha uidake. Idake, acha mabano matupu. Ndiyo desturi ya kazi. Tahadhari: ombi limemezwa, uzi unaendelea na shughuli zake.

Mwisho, sahau shutdown. Hili halihitaji mafunzo. main itafika tamati, kazi zote zitakwisha, na programu itabaki hai, maana nyuzi za ExecutorService bado zinangoja utume nyingine. Ngoja nazo kidogo, kwa adabu, kisha bonyeza Ctrl na C.