Sifa za Mlio wa Taiming Cheni

Mlio wa taiming cheni iliyolegea ni chakachakachaka ya chuma inayotoka ubavuni mwa silinda, na pikipiki kuukuu isiyo nao ni ya kutiliwa shaka. Mtaa wa Huruma, Eldoret, umebarikiwa kuusikia vizuri. Mji uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ni baridi, oili imekuwa nzito kama uji uliolala, na pikipiki ya Boxer ya miaka mingi ikipigwa kiki saa kumi na moja, ploti nzima inajua kumekucha. Jogoo hudai mahindi. Cheni hudai oili tu, nayo ikinyimwa huongeza bidii ya kulia.

Heshima hii haikugawiwa pikipiki zote. Cheni huunganisha krenki na kamshafti iliyo juu ya silinda, ili kamshafti izunguke mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Yamaha za zamani za kuchanganya oili na petroli hazina kamshafti, basi hazina la kusema. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, ilinyimwa cheni hiyo kwa makusudi: wahandisi waliona kwamba katika nchi nyingi pikipiki hubeba mizigo mizito na oili haibadilishwi kwa wakati, wakaweka vijiti vya kusukuma valvu. Pikipiki nyingi za Kichina ziliiga injini hiyo, na wenye nazo hujifariji kwa kelele za tapeti, ambazo ni za daraja la chini.

Fadhila kubwa ya mlio huu ni kumtahini fundi. Tapeti hulia tik-tik nyepesi, kwa mpigo mmoja, juu kwenye kifuniko cha hedi. Pistoni iliyolegea hugonga kwa sauti butu injini ikiwa baridi, kisha hupungua ikipata joto. Beringi ya konrodi hubisha kama mdai wa kodi, hasa pikipiki ikipanda mlima na abiria wawili. Cheni haina adabu ya mpigo: hutatarika injini ikizunguka polepole, hutulia kidogo mafuta yakiongezwa, hurudi kwa fujo mafuta yakipunguzwa. Fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu ubavuni mwa silinda, mpini akaubana kwenye mfupa wa mbele ya sikio, akafumba jicho moja. Jicho halihusiki kabisa, ila mteja anapenda kuona kazi ikifanyika. Kisha huhamishia ncha kwenye hedi, halafu upande wa klachi. Panapolia kwa nguvu ndipo penye ugonjwa.

Baada ya sikio, mkono. Injini ikiwa imezimwa, tenshona, yaani kikaza cheni, hufunguliwa. Kwenye zile za meno, kijiti kikikutwa kimetoka karibu chote, cheni imerefuka na hakuna tena cha kukaza. Kikiwa kimekwama ndani, huenda cheni ni nzima na mkosaji ni springi. Reli za plastiki zilizoliwa huacha vipande kwenye chujio la oili. Krenki haizungushwi tenshona ikiwa nje, kwa maana cheni huweza kuruka jino, na valvu kukutana na pistoni mahali ambapo hazikupaswa kukutana.

Wapo wasio na shukrani. Hutia oili nzito kupita kiasi, au hutoboa silensa ili kelele kubwa imeze ndogo, na mpiga mbiu anazibwa mdomo kabla hajamaliza tangazo. Wengine huenda mbali zaidi: hununua cheni mpya, reli mpya na tenshona mpya, na gia zilizochongoka nazo huzibadilisha. Pikipiki za hao huwa kimya. Anayeupenda mlio wake na afunge cheni mpya juu ya gia zilizoliwa, utarudi mapema.